Nani anabeba mizigo? Ziwa Tanganyika katika filamu na BD, za zamani na za sasa

Mashua ya moshi, chakavu, inateremka mto. Inapita maporomoko, inakwama katika matete, halafu maji yanafunguka mbele yake: ziwa kubwa, na juu ya ziwa manowari ya Wajerumani inazunguka kama mwenye nyumba. Ndani ya mashua kuko watu wawili tu, fundi mmoja mpenda pombe na dada wa mmisionari, na wameamua kuizamisha ile manowari. Ndiyo hadithi ya The African Queen, filamu iliyotoka mwaka 1951.

Mtu wa Mpala akiitazama, swali la kwanza ni lepesi: "Sasa ile ziwa njo ya wapi?" Jibu linashangaza kidogo. Hadithi ilichotwa katika mambo yaliyotokea kweli juu ya Ziwa Tanganyika, mbele ya Kalemie, mwaka 1915 na 1916. Lakini ziwa linaloonekana katika filamu si Tanganyika hata kidogo.

Swali la pili ni zito zaidi: katika hadithi hiyo yote, watu wa kando ya ziwa wako wapi?

Swali hilo linafaa kuulizwa si juu ya filamu moja tu. Ziwa hili na nchi hii vimechukuliwa mara nyingi na watu wa sinema na wachoraji wa vitabu vya picha, vile ambavyo huku vinaitwa BD. Kazi nyingine ni nzuri, nyingine zinaumiza, na nyingine ni vyote viwili pamoja. Mpenzi wa filamu na BD anayeishi upande huu wa ziwa ana mizani yake ya kuzipima, na si mizani ya Paris wala ya Hollywood. Ni maswali mawili tu: nani anabeba mizigo, na nani ana jina?

Filamu ya zamani: nzuri, lakini kijiji hakina mtu

The African Queen ilitengenezwa na John Huston. Waigizaji wakubwa ni Humphrey Bogart na Katharine Hepburn, na Bogart alipata zawadi ya Oscar kwa kazi hiyo. Hadithi ilitoka katika kitabu cha Mwingereza C. S. Forester kilichochapishwa mwaka 1935. Forester hakulitaja Tanganyika kwa jina lake, alilibandika ziwa jina la kubuni la Kijerumani. Lakini kila anayejua historia ya hapa anaona mara moja ni ziwa gani.

Sehemu kubwa ya filamu ilipigwa Afrika, jambo ambalo wakati ule lilikuwa si kawaida kwa filamu kubwa za rangi. Kundi la Huston lilikaa Kongo, kwenye mto Ruiki, upande wa Ponthierville ambayo leo ni Ubundu. Kisha likahamia Uganda, kwenye maporomoko ya Murchison na Ziwa Albert. Wengi waliugua. Hepburn, ambaye alikunywa maji, aliugua sana. Bogart na Huston, waliosema wao wanakunywa wiski tu, walibaki wazima. Na zile picha ambamo Bogart anaingia majini kuvuta mashua katika matete? Nyingi zilipigwa katika studio Uingereza, kwa sababu maji ya huku yaliogopwa kwa magonjwa yake.

Kama filamu, bado inatazamika. Watu wawili wasiofanana wanaogombana ndani ya mashua moja, kisha wanapendana: hadithi ya namna hiyo haizeeki, na mtu yeyote aliyewahi kusafiri siku mbili ndani ya boti iliyojaa anajua kwamba safari ya maji inafunua tabia ya watu. Bogart anachekesha bila kujitahidi. Hepburn anamfanya mwanamke mgumu wa misioni kuwa mtu wa kupendwa.

Lakini mizani ile haidanganyi. Mwanzoni kuna kijiji na kanisa, na watu weusi wanaimba wimbo ambao hawaujui, ili mtazamaji acheke. Wajerumani wanakuja, wanachoma nyumba, wanawachukua watu. Kuanzia hapo kijiji kinafutika. Hakuna hata mmoja wa wale wanakijiji anayerudi, hakuna anayeulizwa kitu, hakuna mwenye jina la kukumbukwa. Mto mzima mpaka ziwani unakuwa nchi tupu yenye mbu, viboko na wazungu wawili.

Mambo yenyewe yalivyokuwa

Historia ya kweli ni ya ajabu kuliko filamu. Tarehe 22 Agosti 1914 meli ya Wajerumani Hedwig von Wissmann ilikuja mpaka Lukuga, fasi ambayo leo ni Kalemie, ikaipiga meli ya Wabelgiji Alexandre Delcommune. Toka siku hiyo Wajerumani wakawa wenye ziwa. Wangeweza kusafirisha askari wao popote, kutoka Kigoma mpaka Bismarckburg, yaani Kasanga ya leo.

Waingereza wakaamua kuleta boti mbili ndogo za injini kutoka London. Mkubwa wa safari, Geoffrey Spicer-Simson, alitaka kuziita Paka na Mbwa. Wakubwa wake wakakataa. Basi akaziita Mimi na Toutou, maneno ambayo watoto wa Kifaransa wanatumia kwa paka na mbwa. Kwa Mswahili jina la kwanza linachekesha zaidi: boti inayojiita "mimi".

Boti hizo zilisafiri kwa meli mpaka Cape Town, kwa treni mpaka Fungurume, kisha zikavutwa nchi kavu kupita milima ya Mitumba. Baadaye zikashuka mto Lualaba kutoka Bukama mpaka Kabalo, na mwisho zikapanda tena treni kuelekea ziwani. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliikamata meli ya Wajerumani Kingani. Tarehe 9 Februari 1916, Mimi pamoja na Kingani hiyohiyo iliyopewa jina jipya Fifi, waliizamisha Hedwig von Wissmann.

Sasa, nani alizipitisha boti zile Mitumba? Kulikuwa na mitambo ya moshi na ng'ombe wa kuvuta, ndiyo. Lakini njia ilikatwa kwa mikono. Mamia ya watu wa Katanga walikata miti, walijenga madaraja, walivuta kamba pale mitambo iliposhindwa. Wanawake walibeba maji kichwani ili mitambo ile isikauke. Na hiyo ilikuwa kazi ndogo ukilinganisha na vita nzima: kwa mapigano ya Afrika Mashariki jeshi la Wabelgiji peke yake lilitumia wapagazi zaidi ya laki mbili. Wengi hawakurudi kwao. Katika The African Queen hakuna hata mpagazi mmoja, boti inatembea kwa injini na mapenzi.

Yuko pia Spicer-Simson mwenyewe, ambaye filamu ingeweza kumtumia vizuri sana. Alivaa sketi ya kaki mbele ya askari wake, na mwili wake ulijaa tatuu. Watu wa hapa, Waholoholo, walimpa jina Bwana Chifunga-Tumbo kwa ajili ya ile nguo. Katika filamu, weusi hawana jina. Katika historia, wao njo waliogawa majina.

Tintin: picha safi, macho mabaya

Upande wa BD, mzee wa wote ni Tintin au Congo. Mbelgiji Georges Remi, anayejulikana kwa jina la Hergé, alianza kuichora mwaka 1930 katika gazeti la watoto Le Petit Vingtième. Mwaka 1931 ikawa kitabu. Wakati ule Hergé alikuwa kijana wa miaka 23, na alikuwa hajakanyaga Kongo. Alichota picha zake katika magazeti na katika jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels. Mtu-chui anayeonekana katika kitabu, kwa mfano, alitokana na sanamu iliyokuwa katika jumba hilo.

Mwaka 1946 Hergé aliichora upya, kwa rangi. Sehemu nyingine alizibadilisha. Katika toleo la kwanza Tintin anaingia darasani la misioni na kuwafundisha watoto weusi kwamba nchi yao ni Ubelgiji. Katika toleo jipya anafundisha hesabu. Baadaye, katika mahojiano, Hergé alikubali kwamba alichora kwa mawazo ya tabaka lake na ya wakati wake.

Mtu wa Mpala anasoma kitabu hicho kwa namna yake, kwa sababu ndani yake kuna padri wa misioni mwenye ndevu na kanzu nyeupe, na Mpala ni kati ya misioni za kwanza za Mapadri Weupe kando ya ziwa hili. Padri wa Tintin anamwokoa shujaa kutoka kwa mamba, anamwonyesha shule na kanisa, na kila kitu kinaonekana kimeota chenyewe. Aliyefyatua matofali haonekani. Waafrika wote wana uso mmoja, wanasema Kifaransa cha kuvunjika, na mwishoni wanasujudu mbele ya sanamu ya Tintin na ya mbwa wake.

Mwaka 2007 Mkongomani anayeishi Ubelgiji, Bienvenu Mbutu Mondondo, alikwenda mahakamani Brussels kutaka kitabu hicho kikatazwe au angalau kiwekewe onyo. Mwaka 2012 mahakama ikakataa. Lakini jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mwaka 1969, miaka kumi kasoro baada ya uhuru, gazeti la Kongo lenye jina Zaïre lilikichapisha kitabu hicho wenyewe. Na mpaka leo mafundi wa Kinshasa wanachonga Tintin wa mti na kuwauzia wageni. Yaani Wakongomani hawakuwa na jibu moja tu. Wengine walikasirika, wengine wakacheka, na wengine wakatengeneza franga.

Je, mtoto asome? Jibu la busara ni: asome, lakini asisome peke yake. Mchoro wa Hergé ni safi, mstari wake hautetemeki, hadithi inakimbia. Mtu anayetaka kujifunza kuchora anaweza kujifunza pale. Ila mkubwa akae karibu na kumwuliza mtoto: hawa watu wote, juu ya nini wana uso mmoja?

Jibu kutoka Kisangani: Madame Livingstone

Mwaka 2014, nyumba ya vitabu Glénat ya Ufaransa ilitoa BD inayorudi palepale: Ziwa Tanganyika, vita ya kwanza ya dunia. Jina lake ni Madame Livingstone. Mwandishi ni Mfaransa Christophe Cassiau-Haurie. Mchoraji ni Barly Baruti, Mkongomani aliyezaliwa Kisangani mwaka 1959.

Baruti hakutokea hewani. Kongo ina njia ndefu ya BD. Katika miaka ya 1960 vijana wa Kinshasa walikuwa wakigombania gazeti Jeunes pour Jeunes. Katika miaka ya 1990 Papa Mfumu'Eto aliuza vijitabu vyake vya Kilingala barabarani, vyenye nyoka, wachawi na pesa. Baruti mwenyewe alipita kujifunza katika studio ya Hergé, na alirudi kuwasaidia vijana wa Kinshasa kupitia kundi la Acria. Kwa hiyo aliyechora jibu kwa Tintin aliijua nyumba ya Tintin kwa ndani.

Hadithi inaanza na Luteni Gaston Mercier, rubani wa Kibelgiji anayeletwa ziwani. Kazi yake ni kuiharibu Graf von Götzen, meli kubwa ya Wajerumani. Anapewa kiongozi wa njia: mwanamume wa damu mbili aliyevaa sketi ya Kiskoti, anayeitwa kwa dharau Madame Livingstone, na ambaye anasema ni mtoto wa David Livingstone. Mzungu ndiye mwenye ndege. Lakini mwenye kujua njia, lugha na watu ni yule anayechekwa.

Kuna ya kweli na ya kubuni ndani yake. Livingstone kuwa na mtoto huyo ni ya kubuni. Sketi inamkumbusha msomaji wa hapa Bwana Chifunga-Tumbo. Marubani walikuwako kweli: mwaka 1916 Wabelgiji walileta ndege za kutua majini, wakaziweka karibu na Mtoa, kaskazini mwa Kalemie, na toka Juni wakavuka ziwa kuipiga Götzen bandarini Kigoma. Mmoja wa marubani hao, Aimé Behaeghe, alifia Niemba, Desemba ya mwaka uleule. Yaani sehemu kubwa ya BD hii inatokea mahali ambapo msikilizaji wa Kalemie anaweza kufika kwa pikipiki.

Kwa mizani ya mizigo na majina, hapa kuna mabadiliko makubwa. Wapagazi wanaonekana. Nyuso ni tofauti, mtu mmoja si sawa na mwingine, na kuna uchovu machoni mwao. Maji ya Baruti yamechorwa na mtu anayejua mwanga wa huku, jinsi anga linavyogeuka kabla ya mvua. Na mtu mweusi anamjibu mzungu, na jibu lake linabadilisha hadithi.

Ubaya uko pia, na mpenzi wa kweli hafichi. Mlango wa hadithi bado ni luteni mzungu: msomaji anaingia ziwani kwa macho yake. Kitabu kiko kwa Kifaransa, kina jalada gumu, na bei yake ni ya Ulaya. Kitabu juu ya Tanganyika ambacho mtoto wa Moba au Kalemie hawezi kukinunua, bado hakijafika nyumbani.

Wakanda, Manono na jumba la makumbusho

Vijana wa leo, lakini, wengi hawaanzi na BD ya Glénat. Wanaanza na filamu inayopita kwa simu, kutoka mkono mpaka mkono. Na kati ya hizo, hakuna iliyogusa Waafrika kama Black Panther ya mwaka 2018, ya Ryan Coogler.

Shujaa huyo ni wa zamani kuliko vijana wanavyofikiri. Stan Lee na Jack Kirby, wazungu wawili wa Marekani, walimtoa mara ya kwanza mwaka 1966 katika kijitabu cha Fantastic Four. Wakanda, nchi yake, imewekwa Afrika Mashariki, lakini ni ya kubuni. Katika filamu watu wake wanasema Kixhosa cha Afrika Kusini, mmoja wa waigizaji wakubwa ni Lupita Nyong'o wa Kenya, na sehemu kubwa ya picha ilipigwa Atlanta, Marekani. Maji ya African Queen yalikuwa ya London, ardhi ya Wakanda ni ya Atlanta. Miaka inapita, desturi inabaki.

Hata hivyo filamu hii inamgusa mtu wa Tanganyika mahali pawili.

Kwanza ni madini. Wakanda ina chuma cha ajabu, vibranium, ambacho dunia nzima inakitamani. Wenyewe walikificha, wakakitumia kwa shule, hospitali na treni zao. Mkaaji wa jimbo hili hawezi kuona hivyo bila kufikiri Manono, yenye bati, koltani na sasa litiamu inayotafutwa kwa betri za magari ya dunia. Wengine wanasema filamu inawadanganya watoto kwa ndoto. Wengine wanasema ndoto ni kazi ya filamu: kumwonyesha mtoto nchi yenye madini ambayo wenyewe njo wakubwa, ili aulize kwa nini kwao haiko vile.

Pili ni jumba la makumbusho. Mwanzoni, Killmonger anasimama London mbele ya vitu vya Afrika vilivyofungwa katika vioo, anamwuliza mwanamke anayevisimamia vilifikaje pale: vilinunuliwa, ama vilichukuliwa? Ni dakika chache tu. Lakini kwa mtu wa Mpala, hapo njo filamu inaacha kuwa ya kubuni.

Hadithi ambayo Mpala inayo tayari

Mwaka 1883, Émile Storms, afisa wa jeshi la Ubelgiji, alivuka ziwa kutoka Karema na kujenga boma kwa chifu Mpala, karibu na mlango wa mto Lufuko. Watu wakamwita Bwana Boma. Katika milima kulikuwa na mkubwa mwingine, Lusinga, chifu wa Watabwa. Lusinga hakuwa malaika, alikamata watu na kuwauza utumwani, na jirani zake walimwogopa. Storms naye alitaka kuwa mkubwa peke yake.

Desemba 1884, watu wa Storms walimwua Lusinga na kumkata kichwa. Fuvu lake lilipelekwa Ubelgiji, pamoja na mafuvu ya watu wengine wawili, na mtaalamu mmoja alilipima na kuandika juu yake, kama vile linavyopimwa fuvu la mnyama. Sanamu ya mti ya ukoo wa Lusinga, moja ya kazi nzuri kabisa za Watabwa, ilichukuliwa pia. Ilikaa nyumbani kwa Storms Brussels, na baadaye ikaingia katika jumba la Tervuren, jumba lilelile ambalo Hergé alichotamo picha zake.

Mwaka 1885 boma likapewa Mapadri Weupe, na Mpala ikawa misioni. Mtaalamu wa Marekani, Allen Roberts, aliyekaa huku katika miaka ya 1970 na kusikiliza wazee, aliandika kitabu juu ya kifo hicho kilichochapishwa mwaka 2013, A Dance of Assassins. Ndani yake masimulizi ya Watabwa na daftari ya Storms vinawekwa pamoja, na havisemi jambo moja. Mwaka 2018 mwandishi wa habari Mbelgiji, Michel Bouffioux, alirudisha habari ya fuvu la Lusinga mbele ya watu wa Ubelgiji. Mwaka 2022 sanamu ya kichwa cha Storms iliyokuwa katika bustani moja ya Brussels iliondolewa.

Mtu anayejua BD anaona mara moja: kila kitu kiko. Wakubwa wawili wanaogopana. Mapatano ya damu, maana Storms alifanya udugu wa damu na chifu Mpala. Usaliti. Kifo kinachosimuliwa kwa namna mbili. Na kitu kilichoibiwa ambacho kinangoja kurudi. Tena hakuna haja ya kumfanya Lusinga awe mtakatifu. Hadithi nzuri inataka watu wenye makosa yao, na wa pande zote mbili.

Namna ya kutazama

Basi mizani ya mizigo na majina si kwa kutupa vya zamani. The African Queen inabaki filamu nzuri ya watu wawili, na Tintin inabaki shule ya kuchora. Kinachobadilika ni macho ya mtazamaji. Jioni, familia ikikaa mbele ya televizheni, maswali machache yanatosha:

Kwanza, mtu mweusi wa kwanza kuonekana ana jina, ama ni "mpagazi", "askari", "boyi"? Pili, anapozungumza, maneno yake yanabadilisha kitu, ama ni ya kuchekesha tu? Tatu, njia, nyumba na mashua zinazoonekana, nani alizitengeneza? Nne, fasi inayoonyeshwa ni ya kweli ama ni studio? Na la mwisho: hadithi hii ingesimuliwaje na mtu aliyekuwa amesimama upande ule mwingine wa mtumbwi?

Jambo la lugha nalo si dogo. Dar es Salaam, mtu aliyejulikana kwa jina Lufufu alijipatia sifa kubwa kwa kuweka sauti ya Kiswahili juu ya filamu za nje, akieleza, akitania, akiongeza methali. Filamu ya mgeni ilikuwa ya mtaa kwa saa mbili. Hakuhitaji ruhusa ya Hollywood ili ageuze nani anasimulia. Masimulizi ya Mpala yanaweza kupita njia hiyohiyo: radioni kwa mchezo wa sauti, shuleni kwa daftari na kalamu ya biki. Mchoro wa kwanza hauhitaji Glénat. Unahitaji mtoto anayechora vizuri na mzee anayekumbuka.

Na meli? Götzen haikuzamishwa na Bogart, wala na Mimi na Toutou, wala na mabomu ya marubani. Wajerumani wenyewe waliizamisha Kigoma tarehe 26 Julai 1916, walipoona hawana njia nyingine, baada ya kupaka mafuta mengi injini zake ili zisioze. Waingereza waliitoa chini ya maji mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mwaka 1997 iliwarudisha Wakongomani waliokimbilia Tanzania. Mwaka 2015 iliwabeba Warundi waliokimbilia Kagunga.

Katika filamu ile ya zamani, meli hiyo ni adui tu, na kazi yake ni kulipuka. Kwa maelfu ya watu wa kando ya ziwa, ni meli iliyowafikisha nyumbani na mizigo yao, kila mmoja na jina lake. Sehemu hiyo Huston hakuweza kuipiga mwaka 1951, kwa sababu ilikuwa bado haijatokea. Sasa imetokea, na walioisafiri wako hai.